Kompyuta Inayodhani Niko Bukoba

Kamachumu, Jumanne

Koku mjukuu wangu, umekaa huko Bukoba mpaka mbwa wetu atakubwekea kama mgeni. Haya, utayasoma humu daftarini mwangu siku ukikumbuka kwenu.

Leo babu yako alibanwa na kifua. Nikabonyeza kitufe cha msaada cha ile programu ya simu uliyoniwekea kwenye kompyuta ya mezani ili nione vizuri. Dada wa huduma akapiga kwenye simu yangu ya kitochi.

"Bibi, gari la wagonjwa liko getini, fungua."

"Geti gani, mwanangu? Mimi nina migomba."

Kumbe kompyuta uliyoniletea inadhani bado iko chumbani kwako Bukoba, na gari limepelekwa huko.

Nikatoka nikapiga yowe. Majirani wakaja na machela, wakambeba hadi hospitali. Sasa anapumua vizuri. Nilidhani leo nabaki mjane, sijamwambia.

Ukija, kabla hujavua viatu, iambie kompyuta tunaishi wapi.