Vipimo vya Kilimani

Mdogo wangu mpenzi,

Huku tu wazima. Mama amepona kikohozi, na mbuzi amezaa mapacha. Simu yako haipatikani tangu juzi, ndiyo maana nimempa dereva wa ofisi yenu barua hii akufikishie mkononi.

Sasa kaa chini. Vile vipimo vya unyevu wa udongo ninavyokutumia kila wiki kutoka kilimani, miaka miwili hii nimevitunga. Goti lilinizuia kupanda, nikaogopa kupoteza kazi uliyonitafutia, nikawa nakisia tu nyumbani. Nawe ukailisha kompyuta yako namba hizo, ikasema bonde lililo chini ya kilima ni salama kwa makazi, ukaandika ripoti.

Juzi nilipanda, nusu ya njia nikitambaa. Kila nilipochimba, maji yalichuruzika. Udongo umeshiba, mdogo wangu. Mvua kubwa ikija haitapata pa kuingia. Yote itateremka bondeni.

Nilimweleza mpimaji anayegawa viwanja huko bondeni, akacheka. "Mzee, kati yako na kompyuta ya dada yako, nani anajua zaidi?"

"Kompyuta inajua uongo nilioipa mimi," nikamwambia. Akanipa kisogo.

Mimi hawanisikii, wewe watakusikia. Ifute ile ripoti. Sema kaka yako ni mwongo, nitaje mbele ya watu wote, usinionee haya. Najua nawe utachafuka, nisamehe ukiweza. Ila usipoteze muda kunijibu. Leo asubuhi familia ya kwanza imeshusha vitanda bondeni, na mawingu yametanda.

Ni mimi kaka yako, niliyekuangusha.