Bunda Ulilomletea Baba

Shemeji Warsame,

Huko uliko najua simu haishiki, ndiyo maana nimechukua kalamu, mimi ambaye shule ilinifukuza darasa la sita kwa sababu niliwamalizia walimu majibu. Cheka tu. Kicheko chako nimekikosa sana.

Mji wetu wa Maua umenyamaza. Wakubwa wetu na wakubwa wenu walitukanana kwenye redio, kila mmoja akaita balozi wake nyumbani, halafu ndege za miraa zikakatazwa kutua Mogadishu. Ni nini kiliwakosanisha, hakuna aliyetueleza. Sisi tunaona tu pikapu zimesimama, nyasi zinaota kati ya magurudumu. Mheshimiwa wetu alikuja, akapanda juu ya gari, akasema, "Soko litafunguliwa wiki ijayo." Nilipaza sauti mpaka watu wa Kibirichia, kule mbali, wakaacha kuchimba viazi wasikilize: "Wiki ya mwaka gani?" Watu walicheka, shemeji, lakini kicheko cha kuuma. Akarusha fulana, akaenda zake. Yangu, mke wangu Kanana anashikia sufuria.

Bile, kijana wako, ndiye alinipigia. "Mjomba, baba amepumzika asubuhi hii." Nikavaa koti langu la harusi, nikashuka mpaka Maua na viatu vinang'aa. Ni pale stendi nilikumbuka hakuna ndege ya kuja kwenu. Dereva mmoja akaniuliza, "Mzee Mutuma, umependeza hivyo waenda wapi?" Nikainama, nikafuta viatu ambavyo havikuwa na vumbi. Kwetu marehemu hungoja watu hata wiki nzima. Nyinyi mlishazika kabla ya jioni. Si ungeningoja hata kidogo...

Unakumbuka ulivyofika mara ya kwanza? Mnunuzi mgeni, unataka kumheshimu baba yangu, ukazunguka soko lote ukachagua bunda la miraa lililopendeza kuliko mengine, limefungwa kwa jani la mgomba, ukamletea nyumbani. Hakuna aliyekwambia hiyo ni ncoolo, bunda ambalo kijana wa huku Igembe hupeleka kwa mzee akitaka binti yake! Mama alikimbilia ufagio. Dada zangu wakasukumana mlangoni mwa jikoni wakuone. Baba akauliza, "Sasa, umempenda yupi?" Ukanigeukia nikuokoe, na mimi nilikuwa nimeegemea ng'ombe, nimekufa kwa kicheko.

Na baba alikuwa amekwisha kulifungua, kijiti kiko mdomoni. Mzee akifungua, amekubali, hakuna kurudi nyuma. Ulipoeleza kwamba una mke kwenu na umekuja kununua tu, alitafuna polepole, akasema, "Basi. Wewe ni mkwe wetu. Hayo ya mke tutaona mbele." Tangu siku ile wewe ni shemeji, na watoto wako wakazaliwa wakinikuta mimi ni mjomba.

Nilikwambia ule mti mkubwa wa miraa, wa pembeni mwa shamba, babu yangu alimnyang'anya ndovu, tena kwa mkono mmoja, mwingine ulikuwa umeshika uji. Ukasema, "Shemeji, punguza uongo. Ukishindwa, basi punguza bei." Siku hizi nikitoa hadithi watu wanaitikia tu kwa kichwa. Wamezoeshwa na waheshimiwa. Hakuna wa kunibishia, na bila wa kunibishia hadithi haina ladha.

Kanana alitaka miraa ing'olewe tupande parachichi. Ni kweli, watoto hawali hadithi. Ile ya chini tumeng'oa. Ule mti wa ndovu nimekataa, nikasimama mbele yake na panga kama askari. Nikamwambia huu una mwenyewe. Akaniangalia, akarudi nyumbani.

Lakini si hiyo inayonikosesha usingizi. Bile alipiga simu tena juzi. Anasema huko kwenu anayefanya biashara na Kenya anaitwa msaliti, kwa hivyo hata soko likifunguliwa, yeye atanunua Ethiopia. Sikumlaumu, mtu hutafuta riziki. Ila hakuniita mjomba. Aliniita Mutuma. Jina tu, kama mtu wa benki. Hiyo, shemeji, ilinichoma kuliko ndege zote kuzuiwa. Wakubwa wakosane wanavyotaka, lakini huyu ni mtoto wetu. Nani aliwapa ruhusa ya kuingia mpaka ndani ya nyumba?

Kwa hivyo sikia. Siku njia itafunguka, iwe ya hewani au ile ya vumbi, nitapanda ule mti mwenyewe na haya magoti yangu. Nitachuma vile vijiti vyekundu ulivyopenda, nifunge ncoolo kwa jani la mgomba kama ile yako, niilete mpaka mlangoni kwako. Sitakuwa naomba binti. Nitamkabidhi Bile, halafu nikae kimya. Ndiyo, mimi, kimya! Nimwangalie mikono.

Akifungua, nitakuja kaburini kwako nikueleze. Na kwa mara ya kwanza sitaongeza chumvi.

Pumzika, mkwe wa baba yangu.

Shemeji yako,
Mutuma