Wake Wawili, Bima ya Mmoja

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, na miguu imenivimba tena. Nimeishika simu niandike kabla sijamtukana mtu.

Mume wangu, Mwalimu Hamadi, kastaafu skuli mwezi uliopita. Bima ya serikali ya wastaafu inamtibu yeye na wakeze wawili, alimradi tutibiwe hapa hapa Pemba. Lakini mie moyo wangu mbovu. Daktari wa hospitali ya Chake alishanambia wazi: mlango mmoja wa moyo umelegea, unataka upasuaji, na upasuaji huo ni wa kuvuka bahari.

Ya kuvuka bahari yanataka bima ya nyongeza. Mstaafu huichagua siku ile ile anayojiandikisha, na humtaja mke mmoja tu. Siku hiyo ikimpita, baadaye hawampokei mtu mwenye maradhi yanayojulikana.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Nilimpigia pasi kanzu, nikampikia chai ya tangawizi. Sikumwambia anitaje mie. Niseme nini, na kila akiwa kwangu ananiona nikitoka chooni nimeshika ukuta?

Karudi adhuhuri, uso umemtulia kama katoka kusali Idi. Bima ya nyongeza kaikataa. Hakunitaja mie, wala hakumtaja Bi Time, mke mwenzangu wa Pujini.

"Sikumdhulumu mtu, Salma. Sitaki Kiyama nifufuliwe upande mmoja umeinama, kama mume aliyependelea mke mmoja."

Loh! Nilitaka kupiga kelele, pumzi haikutosha.

Na kinachoniuma zaidi, mwalimu wa Mwalimu ni mie. Ni mie niliyenuna Idi nzima kwa kuwa kanga alizomnunulia wa Pujini zilikuwa nzuri kuliko zangu. Tangu hapo akinunua samaki changu sokoni, hununua wawili na kuwapima kwa kiganja. Nikajisifu kwa mashoga zangu kwamba mume wangu nimemnyoosha.

Laasiri kapiga simu Bi Time. Miaka yote salamu zetu ni za ncha ya ulimi. Leo kalia.

"Dada, wallahi angeniuliza ningemwambia akuandike wewe. Mie mzima, nalima mihogo yangu. Kwa nini hakuniuliza?"

Nikamwambia hata mie hakuniuliza. Kwenye simu nikawa naisikia mvua ya kwake juu ya bati. Nimemchukia mwanamke huyu ujana wangu wote, na leo ndiye pekee aliyenililia.

Nilimtaka Mwalimu arudi ofisini akabembeleze. Kanambia karani alimuuliza mara ya pili kama ana hakika, naye akatia saini kwa mkono wake. Imepita. Tuombe Mungu.

Naomba, bwana. Lakini nimekasirika, na sitaki kujifanya sikukasirika.

Magharibi Bi Time kamtumia Mwalimu ujumbe: leo usije kwangu, baki na mgonjwa. Mwalimu kausoma kwa sauti, katikisa kichwa. Kasema zamu ni zamu, Bi Time ana huruma tu, asije akajuta kesho. Kavaa kanzu ile ile niliyoipiga pasi, kachukua mwavuli, kaniuliza kama nataka chochote. Nikasema sitaki.

Nimeegemea mito mitatu, maana nikilala chali pumzi inakatika. Kesho zamu yangu, atakuja kwa saa yake kama kawaida.

Na nikishakufa, Mwalimu, hizi zamu zangu utazipeleka wapi?