Ngome Kutoka Dirisha la Mama

Adelino mdogo wangu,

Natumaini hujambo, na mkahawa wako huko Lyon, Ufaransa, unapata wateja. Sisi tupo. Mizeituni haikuzaa mwaka huu.

Picha za ngome ulizoniomba nimepiga. Ukisimama mtoni, inaonekana juu ya banda la nguruwe la Baltazar, na uvundo wake ulinifuata hadi mezani. Ukisimama sokoni, chini yake ni mapipa ya taka yanayofurika na paka wanaogombania vichwa vya samaki. Ulisema nguo za watu zisionekane kwenye picha, kwa hiyo nilimwomba jirani yetu Ermelinda aanue zake.

"Mdogo wako anataka mawe tu?" akaniuliza. "Sisi tunamtia kinyaa?"

Nilimshikia kapu la nguo. Anayenitia kinyaa ni wewe.

Ile ya kutoka dirisha la marehemu Mama, uliyotaka kuwatundikia wateja wako ukutani, sikuipiga. Dirisha lile halitazami ngome, Adelino. Linatazama barabara ya kutoka Ufaransa. Kila Agosti, watoto wa wenzake wakirudi likizo, Mama alikuwa akiketi pale.

Dada yako,
Deolinda