Pakiti ya Kijani Juu ya Kompyuta

Lugu, Nantou
Novemba 12, 2023

Mpendwa Shangazi Siu-hui,

Shikamoo. Goti lako linasemaje na baridi ya huko Vancouver? Sisi hatuumwi, ila Baba alikuwa hataki kula, na sababu ni mimi.

Habari ya pakiti unayo. Baba alikupigia mwenyewe, nawe ukamwambia, "Kaka, ulafi wako wa utotoni haujakwisha tu?" Nilikuwa jikoni, nikiwasikia kwenye spika ya simu.

Unajua nimeanza kujifunza kuandika programu. Nilitunga moja ndogo ya kupima joto Baba anapokausha chai juu ya mkaa, maana yeye hujua kwa kiganja tu, na kiganja hakirithiwi. Juu ya kompyuta nikaweka pakiti ya kijani ya vitafunio, kama wafanyavyo watu wote hapa ili mashine isilete ukorofi; ikiliwa, kinga imeondoka. Nilijua programu haijakamilika: ilishika vipimo vyote kichwani, ikingoja kazi iishe ndipo iviandike kwenye faili. Nikaitegemea pakiti.

Alasiri moja, chai ikiwa juu ya mkaa, radi ikaanza. Baba akabonyeza vitufe viwili vya kuisimamisha programu, vilevile nilivyomfundisha, akazima kompyuta. Niliporudi kutoka sokoni hapakuwa na kipimo hata kimoja, na pakiti ilikuwa tupu. Njaa ilimshika, akaila.

"Baba, nani anakula pakiti ya mashine?" nilimfokea mbele ya jirani yetu A-Bao. A-Bao akacheka, "Mzee, duka si liko hapo chini?" Baba akaniomba radhi. Nami nikaipokea.

Kesho yake niliisoma upya programu yangu, nikatamani ardhi inimeze. Ikiambiwa simama, ilikufa papo hapo na kila ilichoshika. Mistari michache ingeiambia: andika ulichonacho, funga faili, ndipo uondoke. Nikaiongeza. Tena sasa kila kipimo kinaandikwa kikipatikana, hata umeme ukikatika ghafla. Lakini Baba sikumwambia. Nilijifanya fundi mno kwake, nikaogopa kushuka.

Juzi nikamkuta anafunga kamba vikapu vyake vya kukaushia chai. Chai ya msimu huu wa baridi alitaka kumwachia A-Bao aikaushe. Nikamsihi aje abonyeze vile vitufe aone. Akaficha mikono mgongoni. Hapo nikamweleza yote.

"Kumbe si mikono yangu," alisema. "Nilidhani uzee umeshaingia humu. Mikono inayoharibu vitu utaipaje chai ya watu?"

Shangazi, sijawahi kuona haya namna ile. Alikuwa anaiacha kazi ya maisha yake kwa kosa langu, nami nilikuwa namtazama tu.

Leo amewasha mkaa. Alibonyeza vitufe kwa woga, kioo cha kompyuta kikamwandikia kwamba vipimo vyote vipo salama. Akaniomba niiwashe programu upya, akabonyeza tena.

Nisalimie binamu Ting-yao na mkewe. Mababu zetu wawalinde huko mliko. Na ukimpigia Baba Jumapili, pakiti usiitaje. Muulize habari za chai.

Binti yako akupendaye kwa haya nyingi,
Pei-chun