Mjuzi wa Velora

Jumatatu, 4 Machi

Fomu mpya. Kila mtu wa kitengo cha programu ajipe alama, sifuri hadi tano, kwa kila lugha ya kompyuta anayoijua. Meneja kasema ni kujitambua tu. Afisa utumishi kaninong'oneza kwenye ngazi: kati yetu wanane, mwenye alama za chini anapunguzwa. Kujitambua gani huko.

Pascal nilifundishwa chuoni, ubaoni, maana kompyuta ilikuwa moja na mwalimu aliifunika kitambaa tusiichafue. COBOL nilirithishwa na bosi wangu wa kwanza siku tatu kabla hajastaafu. PHP — shemeji alitaka tovuti ya duka lake la matairi. Duka limefungwa, tovuti bado ipo. Java nilijifunza kwa hofu, nikiwa na mimba ya binti yangu. Python kanifundisha binti huyohuyo, akiguna kila nikikosea.

Fomu ina lugha kumi. Pascal na COBOL hazimo. Yaani ujana wangu haumo! Ya kumi ni Velora. Sijawahi kuisikia.

Jumanne, 5 Machi

Mume wangu anasema jipe tano, nani atakusahihisha? Nikamjibu mimi si mwongo. Nikajipa tatu. Halafu nikachungulia fomu ya jirani yangu wa meza: Velora, nne. Nikafuta, nikaweka tano.

Mzee wa Kanzidata — ndivyo tunavyomwita, mwaka wa ishirini na mbili huu anazilea kumbukumbu za wateja — kaandika sifuri. Tena kwa wino. Na pembeni: siijui, lakini niko tayari kujifunza. Mtu mzima na akili zake!

Ijumaa, 8 Machi

Matokeo yametoka. Wastani wa Velora kitengo kizima ni karibu nne. Meneja kajipa tano naye, anasema aliianza zamani, kabla haijavuma. Wa mwisho ni Mzee. Kapewa wiki mbili aonyeshe maendeleo, la sivyo aage.

Mwaka jana nilifuta kumbukumbu za wateja mia nne kwa kubonyeza pasipostahili. Mzee alizirudisha zote, hakumwambia mtu. Leo nimeshindwa kumtazama usoni.

Jumatatu, 11 Machi

Siku mbili naitafuta Velora mtandaoni. Hakuna kitu. Nikamwendea afisa utumishi. Kacheka mpaka kashika meza. Jedwali lilitaka safu kumi, yeye alikuwa na tisa, akajazia jina la mafuta yake ya nywele ili awahi kwenda nyumbani. Alidhani tutamtania siku hiyohiyo.

Nikamwambia basi twende kwa meneja. Kicheko kikaisha. Alisema ataanzaje kumwambia bosi mwenye tano? Nikanywea. Mimi mwenye tano nitaanzaje?

Saa tisa barua pepe ikaingia. Jumatano kuna mafunzo ya Velora. Wenye tano tuko wawili, na meneja ana majukumu mengi. Mkufunzi ni mimi.

Jumatano, 13 Machi

Saa nne na nusu asubuhi. Naandika chooni, mafunzo yako katikati.

Nilisimama mbele yao na kalamu ya ubao, kichwa kitupu kabisa. Mkono ukaandika wenyewe kile ulichokizoea tangu chuoni. Mistari sita. Wote wakaitikia kwa vichwa. Jirani yangu akasema hapo kwenye mstari wa tatu ndipo wengi hukosea.

Mzee akanyoosha mkono. Kwa adabu kabisa: "Samahani dada, hii si Pascal?"

Meneja akatabasamu, akasema ndiyo shida ya watu wa zamani, kila kipya wanakiona cha zamani. Wakacheka. Mzee hakucheka, alinitazama mimi, akisubiri jibu. Ningesema ndiyo tu. Neno moja.

Nikasema zinafanana kidogo.

Akaliandika daftarini, akapigia mstari.

Najichukia. Meneja katupa dakika kumi za chai, zimebaki tatu. Nje hapa koridoni namsikia Mzee anamwambia mhudumu wa chai kwamba kumbe si ngumu, yule dada anafundisha vizuri, ameanza kuielewa.