Wale Sita wa Kwenye Damu ya Kaka

4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Mgongo unaendeleaje? Sisi wote wazima, ukimtoa kaka yetu. Kile kidonda cha mguu alichokuwa akikifunga kitambaa chake cha kinyozi na kutuambia ni mchubuko tu, kimemsambazia maambukizi mwili mzima. Sepsisi, wanaita. Amelazwa, anatetemeka, anamwita muuguzi "mteja" na kumuuliza amnyoe mtindo gani.

Daktari ni binti mmoja wa sauti ndogo. Amempima damu, vipimo vya kawaida tu wanavyompima kila mtu. Anasema asidi imepanda, chembe za kugandisha damu zimeshuka, na katika wagonjwa kumi wenye damu ya namna hii, wanne hawarudi nyumbani. Nimelia mpaka sauti imenikauka. Nimeshamwambia shangazi, majirani wote, na fundi viatu wa pale kwenye kona. Jikaze, mdogo wangu.

Dada yako

6 Machi

Dada, shikamoo,

Mimi mzima, mgongo umeniachia, ila tangu ujumbe wako chakula hakipiti. Bosi ana likizo moja tu ya kunipa mwaka huu. Nikija sasa na akafa baadaye, sitamzika. Nikingoja, huenda nisimkute. Nije au nisije? Muulize daktari, tafadhali, si fundi viatu.

Mdogo wako

7 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Kula, mwenzangu, tuna mgonjwa mmoja, anatosha.

Leo nimeumbuka. Shangazi kaja wodini na kundi zima, wakaanza kilio pale pale kitandani. Kaka akafungua jicho moja. "Nani kafa?" Shangazi akamjibu, "Wewe, mwanangu." Akasema, "Basi punguzeni sauti, marehemu anataka kulala."

Daktari akaingia, akauliza nani katangaza msiba. Vidole vyote kwangu. "Mama," akasema, "nilikwambia wanne hawarudi. Wale sita umewapeleka wapi?" Nikaanza kuwatoa waombolezaji nje, mmoja mmoja.

Kumbe vipimo vya siku moja si hukumu. Vinawaonyesha madaktari nani wa kumkalia karibu, ndiyo maana kitanda chake kiko mbele ya meza ya wauguzi na damu wanampima tena na tena. Na asubuhi hii asidi imeshuka, chembe zimeanza kupanda. Sura bado ya mtu aliyefukuliwa, lakini damu imegeuka njia. Daktari hakuniapia, kasema tungoje. Nilipomuuliza kama uje, akasema hilo damu haijui.

Sasa nazunguka nyumba kwa nyumba kufuta msiba. Fundi viatu kanuna kweli, alishakipigia hesabu kibanda cha kaka cha kunyolea.

Dada yako

13 Machi

Mdogo wangu,

U mzima? Mimi miguu inauma kwa kucheza. Kaka katoka hospitali leo, kwa magongo, mdomo ule ule. Daktari kasema vipimo vyote vimetulia, kilichobaki ni kukiosha kidonda na kuacha ubishi. La kwanza amelalamika, la pili amekataa.

Kuhusu likizo yako, usinitafutie mtu mwingine wa kumuuliza. Likizo ya kumweka mtu kaburini unaitunza ya nini, na mtu mwenyewe amekaa barazani anamtukana fundi viatu?

Njoo. Marehemu anauliza unafika lini.

Dada yako